Nyuki Hawaendi Mazikoni

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usihangaike kusoma kwenye mafuta. Nakufupishia.

Mimi ni Placidius Rugemalira, karani wa mizani mstaafu, mwenye ghala la kahawa hapa Kimuli. Wakulima wananiletea kahawa ya maganda, naipima, naipanga, naitunza mpaka bei iwapendeze. Ghala hilo lilikuwa limeibiwa mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa saa ya maziko.

Mtu wa mbali ataona ajabu. Kwetu akifa mtu, kijiji kizima kinakwenda kuzika. Ukikosa bila ruhusa, chama cha kufa na kuzikana kinakutoza mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na siku yako ikifika watakuacha uzikwe na mbuzi wako. Kwa hiyo hata Xaveri, mlinzi wangu, alikuwa anakwenda kuzika, tena na rungu langu. Mwizi wa huku hahitaji nondo. Anahitaji kujua nani anaumwa sana.

Nikamfukuza Xaveri, nikaleta nyuki.

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimerudi kutoka kumzika Mzee Kyomukama, nikamkuta mtu amelala nyuma ya ghala, uso umevimba mpaka huwezi kujua anatazama mbele au nyuma. Chini ya dirisha palikuwa na magunia mawili ya kahawa.

Hapo ndipo tulipo. Sasa vuta kigoda.

Mtu yule tulimmwagia maji. Uvimbe ukapungua kidogo, pua ikajitokeza, nikaitambua. Pua ya Asiimwe haifichiki. Asiimwe ni jirani yangu, kibanja chake, shamba la migomba na kahawa, kinapakana na changu, na kahawa yake iko humo humo ghalani mwangu. Mikono ilikuwa inanata juisi ya ndizi mpaka kwenye viwiko.

“Umetoka kwenye mtumbwi wa kukamulia ndizi, ukaja kwa nyuki?” nikamuuliza. “Hata mtoto wa chekechea anajua harufu ya ndizi inawachokoza nyuki.”

Akanijibu kitu, lakini midomo yake ilikuwa imejaa kama mito ya kulalia. Tukampakia kwenye bodaboda, mbele dereva, nyuma mtu wa kumshikilia, akapelekwa zahanati.

Nilikuwa shujaa kwa muda wa sufuria moja ya ndizi kuiva. Wakulima walikuja kunipa mkono. Mmoja alitaka kununua mzinga. Mwingine aliomba nimwazime nyuki kwa siku mbili amkomeshe shemeji yake. Nikawaambia hawa si nyuki wa kuazimwa. Niliwatoa Bugomora kwa mtu anayewafuga kwa hasira, anawanyima usingizi makusudi. Nyuki wale waliwahi kumfukuza ng'ombe mwenye pembe ndefu mpaka akapanda juu ya paa la shule, na alipoteremshwa alikuwa anatoa maziwa yaliyoganda.

Watu waliniamini. Watu wa huku wanaamini chochote ukikisema umesimama.

Nikiwa bado natunisha kifua, akaja mtendaji wa kijiji na kufuli jipya mkononi.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Umeniletea zawadi?”

“Asiimwe amekushtaki.”

“Mwizi amenishtaki mimi?”

“Anasema si mwizi. Anasema ni mteja, amekuja kwenye ghala alikoweka mali yake, akaumizwa na kitu ulichotega. Sikio la kushoto halisikii. Jicho moja bado limefungwa.”

“Lifunguke lione aibu.”

“Mzee, mimi nimetumwa tu. Mpaka shauri liishe, hakuna kahawa ya kuingia wala kutoka.” Akapachika kufuli la kijiji juu ya kufuli langu, akatikisa kuhakikisha, akaondoka. Msimu ulikuwa unakaribia kufunguliwa. Ghala la kahawa likiwa limefungwa msimuni halina tofauti na choo kilichojaa.

Asubuhi iliyofuata wakulima wale wale walionipa mkono walikuwa wamekaa kwenye majani mbele ya geti langu, wamenuna.

“Kahawa yetu tunaipataje, Mzee?”

“Muulizeni Asiimwe.”

“Asiimwe hatukumpa kahawa. Tulikupa wewe.”

“Jana mlisema nini kuhusu nyuki wangu?”

“Jana hatukujua wanaleta kufuli,” akasema yule aliyetaka kununua mzinga.

Ndugu msomaji, sijawahi kuuthamini umati, na siku ile haukunipa sababu ya kuanza.

Lazima nikwambie pia habari za Novatus, maana wengine mtasema hamkuambiwa. Huyu ni wakala wa bima, kijana wa viatu vyenye ncha kama jembe la kupalilia. Kabla ya mambo ya nyuki alikuja kunifanyia kitu alichokiita tathmini ya hatari za biashara.

“Hatari ya kwanza ni wewe,” nilimwambia. “Taja ya pili.”

Akacheka kwa adabu ya kulipwa. Akalizunguka ghala. Akasema dirisha la nyuma linatazama migombani na hakuna anayeliona kutoka barabarani. Akasema mlinzi mmoja hatoshi, na sina kibao hata kimoja cha kumwambia mtu asipite. Halafu akasema, “Na mtu akiumia kwenye eneo lako, Mzee, anayewajibika ni wewe.”

“Hata mwizi?”

“Inategemea ameumizwa na nini.”

Nikampa ndizi ya kuchoma, nikamwonyesha barabara ya Nkwenda. Sasa nilipompigia simu baada ya kufuli, alipokea mara moja.

“Novatus, ile bima yako. Nikate leo, tarehe tuandike ya mwezi uliopita.”

“Mzee, hapo ungejiongezea kesi nyingine.”

“Basi inalipa mambo ya nyuki?”

Nadhani alikuwa ameweka simu mbali ili acheke vizuri.

Ikabidi nimtafute wakili. Nikapanda gari mpaka Kayanga. Ofisi ilikuwa juu ya duka la saruji, na ndani alikaa binti mwenye miwani, mdogo kiasi kwamba nilipoanza kazi ya mizani hata bibi yake alikuwa bado msichana.

“Shikamoo, Mzee. Karibu.”

“Marahaba. Wakili yuko wapi?”

“Ni mimi. Avelina.”

“Mwingine hayupo?”

“Yupo. Ni mdogo wangu kwa miaka miwili.”

Nikakaa. Sheria mimi sikuisomea, lakini nimeisikiliza redioni miaka thelathini, kwa hiyo nilimweleza kesi yangu na nikampa na hukumu yake. Mwizi hana haki. Mali ni yangu. Nyuki ni wangu. Uso ni wake, angeuacha nyumbani.

Avelina akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, “Mzee, nyuki uliwaweka kwa ajili ya asali?”

“Asali gani? Niliwaweka waume wezi.”

Akaweka kalamu chini. “Nakuuliza tena, na safari hii fikiri kabla ya kujibu. Nyuki uliwaweka kwa ajili ya asali?”

“Binti yangu, nilitangaza kwenye maziko ya Kyomukama, mbele ya padri na kata nzima. Baada ya salamu za rambirambi walisema mwenye tangazo asimame, nikasimama. Nikasema kuanzia alfajiri ya leo ghala la Placidius linalindwa na nyuki wa Bugomora, na atakayekaribia tutakuwa tena hapa hapa makaburini wiki ijayo.”

“Ulisema hivyo.”

“Walipiga makofi. Mazikoni.”

Avelina akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba tatizo lilikuwa kwenye miwani.

“Mzee, kulinda mali unaruhusiwa. Kutega kitu cha kuumiza watu halafu ukaondoka, huruhusiwi. Mlinzi anauliza ‘nani hapo’ kabla hajanyanyua rungu. Nyuki wako wanauliza?”

“Wa Bugomora hawana maneno mengi.”

“Na huyu si mpita njia. Ni mteja. Umepokea mali yake, umemfanya awe na sababu ya kuja. Mtu wa namna hiyo unatakiwa kumwonya.”

“Si nimekwambia nilitangaza? Tangazo si onyo?”

“Ni onyo zuri kabisa. Kila aliyekuwepo alionywa.”

“Basi nimeshinda.”

“Asiimwe alikuwepo?”

“Hakuwepo kwa sababu alikuwa anaiba.”

“Hakuwepo kwa sababu chama chenu kilimpanga akamue ndizi za msiba. Alikuwa na ruhusa. Habari zako zilikutangulia huku, nikapiga simu kijijini wakati unapanda ngazi, maana ulizipanda polepole.” Akaniangalia kwa huruma, kitu ambacho sikukiomba. “Mizinga uliileta usiku, ukaificha chini ya paa, kibao hukuweka. Ukamwonya kila mtu Kimuli isipokuwa yule mmoja uliyemuumiza.”

Nikamwuliza kama amesoma chuo cha kutetea wezi.

“Nimesoma cha kutetea hata wewe,” akasema. “Kesho kutwa mnakwenda usuluhishi kwenye baraza. Mle mimi siruhusiwi kusema. Tafuta mtu mmoja aliyemwambia Asiimwe habari za nyuki kabla hajafika dirishani. Mmoja tu anatosha, madai yake yanaanguka. Ukimkosa, mtafika mahakamani, na huko atataka fidia ya sikio na jicho. Una nini cha kumlipa?”

“Nina ghala.”

“Zaidi ya ghala?”

Kiinua mgongo changu chote kiko kwenye kuta zile. Ukinitoa ghala mimi ni mzee mwenye redio.

Nikarudi Kimuli kutafuta shahidi. Habari ya kwamba natafuta shahidi ilinitangulia, na aliyekuwa getini akinisubiri ni Xaveri, yule mlinzi niliyemfukuza. Amechana nywele.

“Mimi nilimwonya Asiimwe,” akasema.

“Asubuhi ile ulikuwa wapi?”

“Makaburini. Nilikuwa nachimba.”

“Ulimwonyaje?”

“Kwa simu.”

“Una simu?”

“Utaninunulia.”

Nikamwambia aondoke kabla sijawaita nyuki. Akaniambia nyuki wameshachukuliwa na mwenyewe wa Bugomora, alikuja na gari nilipokuwa Kayanga, akasema hataki wanyama wake wahusishwe na kesi. Nikaenda nyuma ya ghala. Ni kweli. Hata nyuki walikuwa wameniacha.

Niliingia ndani nikiwa na njaa. Mke wangu, Restuta, aliniwekea ndizi na maharage, akakaa kwenye mkeka wake pembeni.

“Umepata mtu?” akauliza.

“Kijiji hiki hakina watu. Kina masikio ya kusikia uongo na midomo ya kunywea rubisi.”

“Asiimwe je, umekwenda kumwona?”

“Nikamwone mwizi?”

“Ni jirani. Labda mngezungumza, Baba Auleria.”

“Nitazungumza naye akiwa gerezani, yeye ndani mimi nje.”

Restuta hakusema zaidi. Nikadhani amenielewa. Miaka arobaini nimekuwa nikidhani hivyo, akinyamaza nahesabu nimeshinda.

Siku ya baraza watu walijaa kama kuna mgao wa chumvi. Mwenyekiti ni Mama Sperancia, mjane mwenye sauti ya kupasulia kuni, mtu ambaye hacheki wala hasinzii. Avelina alibaki nje chini ya mparachichi wa jirani, sheria ilivyotaka, akila karanga. Nyuma kabisa niliwaona shemeji zangu wawili, kaka zake Restuta kutoka Ihembe. Nikafurahi. Nikajua wameitwa kunitia nguvu.

Asiimwe aliingia na bandeji kichwani, anamshika mtu mkono, anatembea kama bibi harusi. Alipoona watu wengi akaongeza kuchechemea, ingawa miguu haikuumwa na nyuki hata mmoja.

“Waitu, ndugu zangu, poleni na kazi,” akaliambia baraza, kwa unyonge wa kununua.

“Asiimwe,” akasema Mama Sperancia, “ulifuata nini ghalani?”

“Nilikwenda kuangalia kahawa yangu, mama. Mtu ana haki ya kuangalia kahawa yake.”

Nikasimama. Moyo ulikuwa unanidunda kwa raha. “Mwenyekiti, naomba nimuulize.”

“Muulize. Usimtukane.”

“Asiimwe, kahawa yako imepangwa wapi ghalani?”

“Mle ndani.”

“Mle ndani wapi? Mbele, karibu na mlango, mkono wa kulia. Niliipanga mimi. Sasa wewe ulikutwa dirisha la nyuma. Na yale magunia mawili yaliyokuwa chini si yako.”

Watu wakaguna. Asiimwe akajishika bandeji.

“Si yako, au ni yako?” nikamkazia.

“Si yangu.”

“Baraza limesikia.” Nikageuka nikawatazama wale wakulima wa mbele ya geti, mmoja mmoja, ili kila mmoja apate sehemu yake ya dharau. “Amekuja saa ya maziko, amevunja dirisha, ametoa magunia ya watu. Huyu ndiye mteja.”

“Dirisha lilivunjwa?” akauliza Mama Sperancia.

Mtendaji akasimama. “Halikuvunjwa, mwenyekiti. Nilikagua. Mbao nzima, bawaba nzima. Komeo liko upande wa ndani, na lilikuwa limefunguliwa.”

“Alilifungua yeye,” nikasema.

“Akiwa nje?”

“Basi aliingia kwanza mlangoni.”

“Mlango ulikuwa umefungwa, Mzee. Wewe mwenyewe uliufungua mbele yangu.”

Nilikuwa nimeshika mwendo, na mimi nikishika mwendo sisimami kwa sababu ya ukweli mdogo. “Mwenyekiti, ni rahisi. Aliiba ufunguo. Funguo za ghala ziko mbili tu duniani. Mmoja huu hapa, haujawahi kutoka shingoni mwangu hata nikioga. Na wa pili uko—”

Nikaushika ufunguo wangu shingoni.

Sikutaka kugeuza kichwa upande wa wanawake, lakini watu wote walikuwa wameshageuza vya kwao.

Asiimwe akainamisha uso. “Mama Auleria, nisamehe,” akasema. “Nimenyamaza nilivyoweza.”

Restuta akasimama. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani.

“Ufunguo wa pili ninao mimi, nafagia ghala,” akasema. “Komeo nililifungua mimi, kabla ya kwenda mazikoni. Asiimwe nilimtuma mimi.”

“Kuchukua nini?” akauliza Mama Sperancia.

“Kahawa yangu. Magunia mawili. Baba yangu aliniachia kipande cha kibanja Ihembe, mibuni ile ni yangu. Nimeipalilia mimi, nimechuma mimi, nimeanika mimi kwenye mkeka wangu. Ilipokauka mume wangu akaibeba, akaiingiza ghalani kwake, akasema kahawa ni ya baba mwenye nyumba. Mwaka juzi alisema hivyo. Mwaka jana alisema hivyo. Mama yangu ananyeshewa ndani ya nyumba. Mwaka huu nikasema ipitie dirishani.”

Hakuna aliyenitazama, na hiyo ni mbaya kuliko kutazamwa. Wanaume wote walikuwa wanatazama miguu yao. Niliwajua wote. Hakuna hata mmoja ambaye kahawa ya mkewe haikuwa ghalani kwangu kwa jina la mume.

“Mama Auleria,” nikasema, “ungeniomba.”

“Niliomba. Ulikuwa unasikiliza redio.”

Mama Sperancia akapiga meza. “Tuko kwenye jambo la nyuki. Restuta, ulipomtuma huyu mtu, ulimwambia kuna nyuki?”

Nje, Avelina akaacha kutafuna. Nilimwona kupitia dirisha, karanga iko njiani. Nilikumbuka maneno yake, mtu mmoja tu anatosha. Nikamtazama mke wangu jinsi ambavyo sijamtazama tangu tulipooana.

Restuta alimtazama Asiimwe, si mimi.

“Nilimwonya,” akasema. “Nilimpitia pale anapokamua. Nikamwambia, kabla ya kwenda nawa mikono mpaka viwikoni, nawa na uso.”

Asiimwe akasahau kuchechemea, akaruka. “Aliniambia ninawe. Neno nyuki hakulitamka.”

“Ulidhani unanawa ili magunia yasichafuke?” akauliza Mama Sperancia.

Watu wakacheka. Hakuna mtu wa huku ambaye hajui kwa nini mtu aliyetoka kukamua ndizi anaambiwa anawe mpaka viwikoni. Lakini Asiimwe alikuwa amekaza shingo.

“Nilidhani ni usafi, mwenyekiti. Aseme kweli. Mama, nimekutunzia siri mpaka leo, nimelala zahanati sikukutaja, leo unanigeuka?”

“Nilikutuma magunia mawili,” akasema Restuta. “Sikukutuma udai ghala.”

Hapo ndipo Asiimwe alipokaa. Bandeji ilikuwa imeteleza, na sikio lake la kushoto, lile lisilosikia, lilikuwa limegeukia vizuri kabisa upande wa Restuta.

Mama Sperancia akasubiri kelele zitulie.

“Mzee Placidius, simama.”

Nikasimama.

“Shahidi huyu ni mkeo. Asiimwe anasema kuambiwa anawe si onyo. Mimi naona ni onyo, na mtu yeyote wa hapa ataona hivyo. Lakini hili ni baraza la usuluhishi, silazimishi mtu. Ukiukubali ushahidi wa mkeo, naandika kwamba Asiimwe alionywa, madai yake yanaishia hapa, na mtendaji anatoa kufuli leo.”

“Naukubali,” nikasema haraka.

“Sijamaliza. Ushahidi hauchukuliwi nusu. Nitaandika wote. Kwamba kahawa ile ni yake, kwamba uliichukua bila ridhaa yake, na kwamba aliitoa dirishani kwa sababu wewe uliizuia mlangoni. Na wanawake wengine waliomo humu wamesikia, wakija na maneno kama hayo nitayaandika vilevile. Ukiukataa, basi hakuna aliyemwonya Asiimwe. Mnakwenda mahakamani, na ghala linabaki na kufuli mpaka huko watakapoamua ni la nani.”

Upande wa wanawake kulikuwa na minong'ono, halafu ikaisha. Upande wa wanaume ndiko kulikoanza.

“Kataa, Placidius,” akasema mmoja nyuma yangu kwa sauti ya chini. Alikuwa yule yule aliyetaka mzinga. “Ukikubali umetuuza wote.”

“Kubali,” akasema mwingine. “Kahawa yangu iko humo.”

“Ya kwako au ya mkeo?” akauliza wa tatu, na huyo akanyamazishwa.

Nikasogea karibu na Restuta. Watu wakanyoosha shingo.

“Niambie mimi tu,” nikamnong'oneza. “Ulimwonya kweli, au unaniokoa?”

Akanitazama kwa namna ambayo mimi huwatazama watu wote wa Kimuli. Sikujua kwamba anaijua.

“Hilo utajijibu mwenyewe, Baba Auleria. Mimi nimeshasema. Watu wana kazi, mjibu mwenyekiti.”

Nyuma ya umati shemeji zangu wa Ihembe walikuwa wamesimama. Kila mmoja alikuwa na magunia matupu mikononi, wanayakung'uta polepole, vumbi linapanda. Hawakuwa wamekuja kunitia nguvu. Na hawakuleta mawili. Walileta mzigo mzima, ya mwaka juzi na ya mwaka jana pia.

“Mzee,” akasema Mama Sperancia, kalamu ikiwa juu ya karatasi, “unamkubali shahidi au humkubali?”

Nikapitisha mkono shingoni, nikauvua ule ufunguo ambao haukuwahi kutoka hata nikioga. Ulikuwa wa moto. Restuta akanyoosha mkono. Asiimwe naye, na jicho lake moja, akanyoosha wake, kama mtu anayepokea fidia.